Mgao wa Tarehe Moja

Naomba tuelewane mapema: mimi sina ugomvi na Hans. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilimbeba mgongoni kule Kibosho akiwa na mafua yasiyoisha, na mpaka leo akipiga chafya nageuka kutafuta kitambaa. Ninachosema ni kwamba likija suala la gawio, Hans ana mkono wa birika. Hilo hata yeye akilisoma hapa atanyamaza tu.

Kampuni yetu inaitwa Kilele Mitandao, iko mtaa wa Themi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi yake ni kuwafungia watu intaneti, majumbani, hotelini na madukani, na kutengeneza kompyuta zilizomwagiwa chai. Wenye hisa tuko wanne. Hans ana hisa arobaini katika mia, kwa sababu ndiye mwenye akili. Mimi nina thelathini, kwa sababu ndiye niliyekuwa na hela. Mwaka ule nilivunja akiba yangu yote ya kikoba, hela niliyoiweka kwa ajili ya kujenga, nikampa mkononi bila hata kumwandikisha. Muzammil, fundi wetu wa kupanda minara, ana ishirini, maana alikuja na pikapu yake. Kumi zilizobaki ni za mjomba Ephraimu wa Akheri, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyetoa hela ya kahawa yake ya misimu miwili, naye akapewa uenyekiti ili asiulize maswali mengi.

Na kampuni ina sera ya gawio, usifikiri sisi ni wahuni. Hans aliileta mkutano wa kwanza kabisa, imechapwa vizuri kwenye karatasi yenye nembo. Inasema: "Kampuni italipa gawio pale itakapokuwa busara kufanya hivyo." Tukapiga makofi. Mjomba akaisifu sarufi yake. Tangu siku hiyo tuko tunaisubiri hiyo busara, mwaka wa saba sasa. Kila mwezi wa tano tunaitwa Themi, tunapewa soda na sambusa, Hans anawasha projekta na kutuonyesha mstari unaopanda ukutani, anasema tunakua. Mimi nauliza gawio. Yeye anajibu kwa upole, "Dada, mwaka huu bado si busara. Tuwekeze upya." Mwaka mmoja tuliwekeza upya kwenye ngazi, mwaka mwingine kwenye mnara, mwaka mwingine kwenye betri za kuulinda mnara umeme ukikatika. Hiyo busara ikawa kama shemeji yangu wa Dar, anayesema kila Krismasi kwamba safari hii anakuja.

Ningeendelea kuvumilia, maana nimezoea kupigwa kalenda. Lakini mwaka huu mwezi wa sita yalinifika.

Riziki yangu iko mtaa wa Levolosi. Nimepanga fremu ya duka la steshenari: natoa kopi, nachapa barua, napiga lamineshi vyeti, na zaidi ya yote nawajazia watu maombi ya mtandaoni. Ajira, vyuo, mikopo ya wanafunzi, vyote vinapita kwenye zile kompyuta zangu mbili. Nimekaa humo miaka kumi na moja. Nimemsomeshea humo Irine wangu mpaka yuko chuo. Mtu akisema "kwa Mama Irine" hata bodaboda mgeni anakufikisha.

Mwenye nyumba ni Bi Swabaha, mama wa Kirangi, mtu mzima, mstaarabu, anayedai kodi kana kwamba anakuomba chumvi. Alhamisi moja alikuja akaketi kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Biashara inaendaje?" Akazungumza kwanza habari za baridi, halafu miguu yake, ndipo akafika. "Hedwiga, paa la nyumba ya nyuma limeoza. Mwaka huu sitaweza kupokea ya miezi mitatu mitatu. Nataka ya mwaka mzima, kwa mkupuo."

"Mama, mwaka mzima?"

"Kuna kijana anaitwa Godwin. Naye ana mambo haya haya ya kompyuta. Yuko tayari kulipa hata leo. Nimemwambia ngoja, namuuliza kwanza mwenyewe. Mwisho wa mwezi, mwanangu. Sipendi, lakini mvua haitanisubiri."

Kodi ya mwaka ni milioni moja na laki nane. Mimi nilikuwa na laki tatu na chenji ya kopi. Niliogopa, sitaficha. Ukihamishwa kwenye fremu uliyokaa miaka kumi na moja hujahama chumba, umeacha watu wote waliozoea kukukuta hapo, na mimi kwa umri huu sina nguvu ya kuanza kujitambulisha upya kwa watu.

Jioni ile nikampigia Hans. Sikumzungusha. Nikamwambia nahitaji gawio langu, hata la mwaka mmoja tu kati ya hiyo saba.

"Dada," akasema, "kampuni si kikoba."

Nikakata simu. Kampuni si kikoba. Wakati bila kikoba hiyo kampuni ingekuwa Hans mmoja na mafua yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napiga lamineshi cheti cha ubatizo cha mtu, simu ikalia. Ni lile kundi letu la wenye hisa, ambalo kwa kawaida lina salamu za mjomba na picha za maua. Safari hii alikuwa Hans. Niliusoma ule ujumbe nimesimama, na cheti cha watu kikaungua pembeni:

"Ndugu wapendwa, kuanzia tarehe moja mwezi ujao kutakuwa na mgao. Kila mmoja atapata, kwa kiwango chake. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kuwataarifu. Asanteni kwa uvumilivu wenu wa muda mrefu. Uongozi."

Nikausoma mara ya pili nimekaa. Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu, mtu mzima kama mimi. Kwa kiwango chake, ndiyo, hisa thelathini. Radhi kwa kuchelewa, ndiyo, miaka saba si kuchelewa huko? Uvumilivu wa muda mrefu, nani zaidi yangu? Nikasema kumbe yale maneno yangu ya Alhamisi yalimwingia. Nikamsamehe Hans yote, hata yale ambayo alikuwa hajafanya.

Muzammil akajibu, "Alhamdulillah." Halafu mjomba Ephraimu akatuma sauti.

Hapa lazima nieleze. Mjomba haandiki ujumbe, anatuma sauti, na sauti zake ni ndefu. Ile ilikuwa ya dakika tisa. Anaanza na hali ya hewa ya Akheri, kwamba mlima umejifunika tangu Jumatatu, anapita kwenye migomba, anasalimia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, halafu anaomba. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuvuka dakika ya pili. Utaratibu wetu ni mmoja: unaiacha ikae kidogo, kisha unaandika "Amina mjomba." Hiyo ni adabu, na imetulinda miaka yote.

Siku ile mimi nilisikiliza yote. Nilikuwa na furaha, nilitaka kuisikia furaha ya mtu mwingine. Dakika ya saba mjomba alimshukuru Mungu kwa ajili ya gawio alilolitangaza mtumishi wake Hans, akaomba Hans asigeuke nyuma wala kushauriwa vibaya.

Baada ya saa nzima Hans naye akajibu. Alikuwa juu ya paa la hoteli moja huko upande wa Ngarenanyuki, anafunga antena, mtandao wa shida. Akaandika: "Amina mjomba. Na iwe hivyo."

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilifunga fremu saa sita mchana, nikazunguka nyuma kwa Bi Swabaha, nikamkuta anapepeta mchele.

"Mama, mwambie yule kijana atafute mahali pengine. Nina mgao wangu mahali, unatoka tarehe moja. Lakini nitawaomba waniharakishie, nikuletee kabla mwezi haujaisha."

Kampuni sikumtajia. Ukimtajia Bi Swabaha kitu leo, kesho unakikuta msikitini.

"Una uhakika, Hedwiga?"

"Imeshaandikwa, mama."

Akaweka ungo chini, akampigia Godwin palepale mbele yangu, akamwambia baba samahani, mwenyewe amebaki. Sikumwomba anipigie mbele yangu. Alitaka nione kwamba ameniamini.

Kesho yake mjomba alisimama usharikani, wakati wa matangazo, akaahidi mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Yote. Muzammil alimwambia mkewe, Zamda, na Zamda akaenda kuchagua makochi na kuacha jina lake dukani. Yaani ule ujumbe ulifanya kazi kubwa kwa siku mbili kuliko kampuni ilivyofanya kwa miaka saba.

Hans hakujua lolote. Alishuka kutoka Ngarenanyuki Jumatatu akiwa na furaha, akamwambia Muzammil kwamba wateja wa siku hizi wameelimika sana, umewatangazia mgao wa intaneti na hakuna hata mmoja aliyekutukana. Muzammil akamuuliza, wateja gani. Wakafungua simu. Muzammil ananiambia Hans alikaa chini kwenye boksi la nyaya, chai yake ikapoa mkononi.

Tukaitwa Themi Jumatano. Mkutano wa dharura. Safari hii hapakuwa na sambusa, nami nikajua mambo yameharibika hata kabla hajafungua mdomo.

"Ndugu zangu," Hans akaanza, "kumetokea mkanganyiko. Ule ujumbe ulikuwa wa kundi la wateja."

Akaeleza. Laini ya intaneti tunayonunua kutoka kwa makampuni makubwa imekuwa ndogo, wateja wamekuwa wengi, jioni wote wanabanana. Dawa yake ni mtambo mpya, na mtambo mpya ni milioni kumi. Kwenye akaunti kuna kumi na moja. Angeuagiza wiki hii, ungefika baada ya wiki tatu hivi, na hizo wiki chache ndizo alizotaka watu wavumilie mgao: mtaa huu unapata leo asubuhi, mtaa ule jioni, kila mteja kwa kiwango cha kifurushi chake.

"Mimi niliandika mgao," akasema. "Sikuandika gawio. Gawio ni gawio, mgao ni mgao."

Mjomba Ephraimu alikuwa amevaa koti lake la mkutano. Akainuka polepole.

"Hans, nani alikufundisha Kiswahili?"

"Ni wewe, mjomba."

"Darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi ulikuwa unasinzia. Kitenzi ni kugawa. Kutoka kwenye kugawa tunapata mgao, na kutoka kwenye kugawa huko huko tunapata gawio. Hao ni watoto wa baba mmoja. Wewe huwezi kumwita mmoja, akaja, halafu ukasema ulimwita ndugu yake."

"Mjomba, umeme ukikatika watu wote wanasema mgao."

"Wanasema mgao kwa sababu wakubwa wa umeme wana adabu, hawapendi kusema wamekata. Wewe ulikata?"

"Sijakata bado, mjomba."

"Kwa hiyo unagawa."

Hans akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye nitamwokoa. Huyu huyu aliyeniambia kampuni si kikoba. Nikatoa simu, nikaiweka katikati ya meza, nikasogeza ile sauti ya mjomba mpaka dakika ya saba, nikabonyeza. Chumba kizima kikasikia: tunakushukuru kwa ajili ya gawio hili alilolitangaza mtumishi wako Hans, tunaomba asigeuke nyuma. Halafu nikasoma kwa sauti kilichoandikwa chini yake. Amina mjomba. Na iwe hivyo.

Chini kwenye duka la vipuri mtu alikuwa anagonga chuma.

"Hapa nilisema gawio," mjomba akasema. Sauti haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikusema mgao. Ukaniitikia amina. Nataka kuuliza jambo moja tu. Uliisikiliza sauti yangu, au hukuisikiliza?"

Jamani, nilimwona mdogo wangu akisaga meno. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nyeupe, iko wazi mbele yake: mjomba, sikusikiliza, hakuna anayesikiliza. Maneno machache tu na zile milioni kumi na moja zingebaki salama. Muzammil aliangalia dari. Mimi niliangalia viatu vyangu, maana huko nyuma nami amina zangu ni nyingi. Mjomba amesimama, koti limempwaya, mkono mmoja umeshika meza.

"Niliisikiliza, mjomba," Hans akasema.

"Yote?"

"Yote."

Nilimpenda sana dakika ile, na sikumwachia.

"Basi tupige kura," nikasema.

Muzammil akakohoa. Yeye ndiye anayepanda minara, ndiye anayejua nani atakosa nini. "Tukigawana milioni nane, tukabakiza tatu za kuendeshea kazi, mtambo hatuna. Itabidi tudunduize upya, labda mpaka mwezi wa kumi. Mgao hautakuwa wa wiki tena. Na Mama Irine, kwenye ratiba, Levolosi..."

"Levolosi niachie mimi," nikamkata.

"Nilitaka tu ujue kwamba asubuhi..."

"Muzammil. Makochi unayataka, huyataki?"

Akanyosha mkono. Mjomba akanyosha. Mimi nilikuwa nimenyosha zamani. Sitini kwa arobaini. Mjomba akamwamuru Hans, ambaye ndiye katibu, aandike kwenye muhtasari: imeonekana kuwa ni busara. Hans akaandika. Kwa hiyo busara ilifika, baada ya miaka saba, Jumatano, na hata sambusa hatukuiwekea.

Hundi zilitoka Ijumaa. Serikali ikachukua asilimia kumi yake, ambayo haikuchangia hata ngazi. Mimi nikapata milioni mbili na laki moja na kitu. Na nikuambie kichekesho: aliyepata nyingi kuliko wote ni yule yule aliyekataa. Hisa arobaini hazina hasira, zinalipwa tu. Nilikuwepo anasaini, na hundi ya kwanza kusaini ilikuwa ya kwake.

"Ada za watoto," akaniambia bila kuniangalia. "Na mshahara wangu sijauchukua tangu Pasaka, dada. Nilikuwa nauachia mtambo."

Hilo sikulijua. Liliniuma, kisha nikakumbuka benchi langu na Bi Swabaha, nikaiweka hundi kwenye pochi na kufunga zipu.

Nilimpelekea Bi Swabaha hela yake siku tatu kabla ya mwezi kuisha, taslimu, kwenye bahasha mpya. Akahesabu, akaniandikia risiti kwa mwandiko wake wa kulala, akanishika mkono. "Nilimwambia yule kijana, Hedwiga hanidanganyi." Nilirudi fremuni nikitembea katikati ya barabara. Nikanunua kilo ya nyama. Nikampigia Irine, nikamwambia mama yako ana fremu mpaka mwaka kesho, akapiga kelele huko bwenini mpaka wenzake wakauliza kuna nini. Kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye gawio, na nawaambia wale wanaosema hela haileti furaha wakanunue hisa kwanza.

Jioni ya tarehe thelathini simu ikalia. Safari hii lilikuwa kundi la wateja, ambamo nami nimo, maana kifurushi nalipia kama watu wengine, kwa Hans hakuna cha udugu. Ujumbe ulikuwa ule ule. Hakubadilisha hata nukta, nafikiri makusudi. Ndugu wapendwa, kutakuwa na mgao. Kila mmoja atapata, kwa kiwango chake. Chini yake wateja walimwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia, na hakuna aliyesema amina. Kisha ikaja ratiba. Levolosi: saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Nikaisoma, nikasema Muzammil kakosea, nikalala.

Tarehe moja niliamka mapema. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, mlima hauonekani, watu wamejifunga makoti kana kwamba wanasafiri. Ilikuwa siku dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi linafunguliwa, siku yangu kubwa kuliko zote katika mwaka. Saa mbili benchi lilikuwa limejaa vijana na bahasha zao, wengine wamesimama mpaka nje. Nikawasha kompyuta zote mbili. Nikafungua ukurasa wa maombi. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, na kikaendelea kuzunguka.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Nikajaribu mtandao wa simu yangu, ukafungua nusu ya ukurasa na kuchoka. Saa tatu vijana wawili wakatoka. Nikawasindikiza kwa macho. Walivuka barabara moja kwa moja, wakaingia kwenye fremu iliyokuwa ya kinyozi, na juu yake kulikuwa na bango jipya la rangi ya njano: Godwin Steshenari, Intaneti Saa Zote. Mlangoni alisimama kijana mwenye meno meupe, anawakaribisha. Akaniona, akanipungia mkono kwa heshima.

Wakatoka wengine watatu. Nikasema vumilieni, ni dakika mbili. Wakati huo ndipo akaingia Bi Swabaha, na mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha sita, na bahasha ya kaki.

"Nimemleta mwenyewe," akasema. "Kuna jirani ananiambia vuka kule kuna haraka. Nikamwambia mimi siwezi kumvuka Hedwiga, hela yake ndiyo imenunua mabati yangu." Akaketi benchini, akakunja ushungi vizuri, akatulia.

Sikuwa na pa kujificha. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja ya Kilele Mitandao, na kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye waya nikaweka spika. Akapokea binti ambaye simjui, wa mkataba, nimesikia walimchukua wiki hiyo kwa ajili ya kupokea matusi.

"Samahani mteja wetu, Levolosi mko kwenye mgao mpaka saa kumi."

"Mpaka lini hali hii?"

"Wanasema labda mwezi wa kumi, mama. Mtambo ulikuwa ununuliwe, lakini tunavyosikia hapa ofisini, wenye kampuni waligawana zile hela."

"Wenye kampuni ndio akina nani?" Hilo aliuliza Bi Swabaha, kutoka benchini, kwa sauti yake ya upole.

"Hata sisi hatuwajui, mama. Wana hela zao tu. Tunaomba uvumilivu wenu." Akakata.

Vijana waliobaki walitazamana. Mmoja akasema hao ni watu wa roho mbaya kweli. Mjukuu wa Bi Swabaha alikuwa ameikumbatia ile bahasha, macho kwenye kiduara kinachozunguka. Bi Swabaha akatikisa kichwa, akainua mikono yake miwili mbele ya kifua, kama anavyofanya akimwombea mgonjwa.

"Mwenyezi Mungu awalipe hao wenye kampuni," akasema. "Awalipe wote, kila mmoja kwa kiwango chake."

Benchi zima likaitikia amina. Halafu wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwenye fremu, na sikuwa nimeitikia.

"Amina, mama," nikasema. "Na iwe hivyo."